Udhuru ni haki ya mwenye nao, si fimbo ya mwajiri

ZIPO kauli ambazo zikisemwa mahali pa kazi huonekana za huruma, lakini ukizichunguza vizuri unakuta ndani yake mna dhulma. Mojawapo ni hii: "Mwacheni apumzike, Mwenyezi Mungu mwenyewe keshamsamehe." Husemwa pale mfanyakazi anapopata ajali akakatwa mguu, au macho yake yanapofifia kwa kisukari, au kiharusi kinapomwachia mkono usionyanyuka. Anaombewa dua, anachangiwa, anakabidhiwa bahasha, kisha anaonyeshwa mlango. Na wote waliohusika hurejea majumbani kwao wakiamini kuwa wamefanya jambo la kheri.

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: je, huruma ya namna hii ndiyo huruma aliyotufundisha Mtume wetu Muhammad (s.a.w.)? Au ni njia rahisi ya kuepuka wajibu, tukaivisha kanzu ya dini?

Hoja yangu ni fupi. Udhuru ambao Allah (s.w.) amempa mwenye ulemavu ni haki yake yeye mwenyewe. Akitaka kuutumia anautumia, na akitaka kufanya kazi anafanya. Hakuna mtu mwingine aliyepewa mamlaka ya kuuchukua udhuru huo na kumfukuzia kazini. Na ili hiari yake iwe ya kweli, isiwe ya maneno matupu, sisi wengine tuna wajibu wa kurekebisha mahali pa kazi ili aweze kuingia, kukaa na kufanya kazi yake.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye tulifundisha naye shule moja ya binafsi miaka kadhaa iliyopita, alipata ajali ya bodaboda akakatwa mguu chini ya goti. Baada ya miezi kadhaa alirejea kazini akitembelea magongo mawili. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na madarasa aliyokuwa akifundisha yalikuwa ghorofa ya pili. Uongozi ulimwita kwa adabu zote, ukamwambia kuwa ngazi zitamtesa, ukamlipa stahiki zake na kumtakia heri. Katika kikao cha walimu niliuliza kwa nini madarasa yale yasishushwe chini, na ya chini yakapandishwa juu. Nikajibiwa kuwa mpangilio wa madarasa umeshafanywa mwanzo wa mwaka. Basi, ikaishia hapo. Mtu mwenye mke na watoto, na uzoefu wa miaka kumi na miwili ya kushika chaki, akapoteza riziki yake kwa sababu ya tabu ya kuhamisha madawati.

Angalieni jambo moja katika kisa hiki. Hakuna aliyemtukana mwalimu yule, wala aliyemchukia. Wote walimpenda na walimhurumia. Lakini hakuna hata mmoja katika waliotoa uamuzi aliyemuuliza yeye mwenyewe: "Mwalimu, unahitaji nini ili uendelee kufundisha?"

Sheria inasemaje

Wapo watakaodhani kuwa haya ni mambo ya hisani tu. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu kadhaa, na ulemavu umetajwa miongoni mwake. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata, 2010, ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini na kuendelea ahakikishe kuwa walau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu.

Ndani ya mkataba ule wa 2006 mna jambo moja zito ambalo wengi hawalijui. Mkataba hauishii kusema mwenye ulemavu asibaguliwe. Unasema kuwa anastahili kufanyiwa marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko yanayohitajika katika hali yake yeye, almuradi yasiwe mzigo uliopita kiasi kwa mwajiri. Kisha unaongeza kuwa kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi. Kwa maneno mengine, mwajiri anayesema "mimi sikumfukuza, mlango uko wazi, ila ngazi ndizo hizo" hajasalimika. Ngazi zenyewe zimeshamfukuza kwa niaba yake.

Na marekebisho hayo ni yepi? Kwa anayetumia kiti cha magurudumu ni njia ya mteremko pembeni ya ngazi, meza iliyoinuliwa kidogo, na choo ambacho mlango wake unapitisha kiti. Kwa asiyesikia ni kupewa maagizo kwa maandishi au ujumbe wa simu badala ya kupigiwa kelele kutoka chumba cha pili, na mkalimani wa lugha ya alama katika vikao muhimu. Kwa mwenye ualbino ni kukaa mbali na dirisha lenye jua kali, kutopangiwa kazi za juani saa sita mchana, na karatasi zenye maandishi makubwa. Kwa mwenye kisukari ni dakika chache za kula na kupima sukari. Kwa asiyeona ni kompyuta yenye programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Mojawapo ya programu hizo, iitwayo NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni, na hutolewa bure. Kwa hiyo mara nyingi kinachokosekana kwetu ni mtu wa kuuliza na mtu wa kujali, fedha ni jambo la baadaye.

Nguzo ya dini imerekebishiwa namna ya kuitekeleza

Sasa tuje kwenye dini yetu. Hakuna kazi duniani yenye uzito kuliko swala. Lakini alipokuja Imraan bin Huswayn (r.a.), sahaba aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala yake, alielekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa, aswali kwa kukaa, akishindwa na hilo, aswali kwa ubavu. Hadithi hii ipo katika Sahihi Bukhari, na kila mwanafunzi wa madrasa anaijua.

Wengi huisoma hadithi hii wakaona wepesi tu. Mimi naona na jambo la pili ndani yake. Mtume (s.a.w.) hakumwambia Imraan: "Wewe ni mgonjwa, nenda kapumzike, swala si yako tena." Swala ilibaki ni yake. Kilichobadilika ni namna ya kuitekeleza. Ametenganisha baina ya kiini cha jambo na umbo lake, akalinda kiini na kulegeza umbo.

Hapo ndipo waajiri wengi wanapokosea. Wanalishika umbo wakapoteza kiini. Kiini cha kazi ya mwalimu ni kufundisha, kupanda ghorofa si kiini chake. Kiini cha kazi ya karani wa mapokezi ni kumpokea mgeni na kumwelekeza, wala si kusimama kutwa nzima nyuma ya kaunta ndefu. Kiini cha kazi ya mhasibu ni hesabu zilizonyooka, awe amezisoma kwa macho au kwa masikio. Ikiwa Mola wa viumbe amekubali kuswaliwa na mtu aliyelala ubavu, ni ofisi gani hiyo yenye heshima kubwa hata isikubali kuhudumiwa na mtu aliyekaa?

Muadhini asiyeona alfajiri

Tumchukue Abdallah bin Ummu Maktuum (r.a.). Huyu ndiye sahaba kipofu ambaye kwa ajili yake ziliteremshwa aya za mwanzo za Surat Abasa, pale Mtume (s.a.w.) alipokunja uso na kuendelea kuzungumza na wakubwa wa Kikureshi. Kisa hicho tunakihubiri sana. Lakini ni mara chache tunasimulia kilichofuata baadaye, nacho ndicho kinachotuhusu leo, kwa sababu kinahusu kazi.

Abdallah alipewa kazi ya kuadhini. Bilal (r.a.) alikuwa akiadhini usiku, kabla ya alfajiri kuingia, na Ibn Ummu Maktuum akiadhini alfajiri inapoingia. Mtume (s.a.w.) aliwaambia Waislamu waendelee kula na kunywa katika usiku wa kufunga mpaka watakapoisikia adhana ya Ibn Ummu Maktuum. Hebu fikiri. Kazi hii inategemea kuuona weupe wa alfajiri ukitandaa. Funga ya mji mzima wa Madina ilisimama juu yake. Kwa akili zetu za leo, tangazo la nafasi hii ya kazi lingesema: "Mwombaji awe na uwezo mzuri wa kuona." Na Abdallah angekatwa jina kabla ya usaili.

Je, ilikuwaje akaifanya? Bukhari anaeleza kuwa alikuwa haadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Basi, hilo tu! Kulikuwa na mtu wa kumwambia. Sauti ni yake, amana ni yake, cheo ni chake. Kilichopungua, ambacho ni kuona, kilijazwa na mwenzake. Karne nyingi kabla ya wataalamu wa sheria kuandika mikataba, mahali pa kazi palirekebishwa ndani ya msikiti wa Mtume kwa gharama ya neno moja kila alfajiri. Na haikuishia hapo. Mtume (s.a.w.) alipotoka Madina kwa safari, zaidi ya mara moja alimwacha Ibn Ummu Maktuum awe badala yake mjini.

Sahaba huyu huyu anatufundisha jambo jingine kuhusu udhuru. Ilipoteremka aya inayowatofautisha wanaokaa nyuma na wanaopigana katika njia ya Allah, alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa lau angeweza naye angekwenda. Hapo yakateremka maneno yanayowatoa wenye udhuru katika lawama, nayo ndiyo tunayoyasoma katika Suratun Nisaa, aya ya 95. Katika Suratul Fat-h, aya ya 17, Allah akabainisha kuwa asiyeona, kiguru na mgonjwa hawana lawama wasipotoka.

Hawana lawama. Maana yake wakibaki hawalaumiwi. Haina maana kwamba wakitaka kwenda wazuiwe. Wanasira wanaeleza habari za Amr bin Al-Jamuuh (r.a.), mzee aliyekuwa akichechemea sana. Siku ya Uhud wanawe walimzuia, wakamwambia kuwa Allah ameshamsamehe. Walisema kwa mapenzi, kama wanavyosema mabosi wetu wenye huruma. Mzee akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kuwashitaki wanawe. Mtume akamwambia kuwa ni kweli ana udhuru, kisha akawageukia wanawe akawaelekeza wasimzuie. Akatoka, akapigana, akafa shahidi.

Tuutazame vizuri uamuzi ule. Mtume (s.a.w.) hakumlazimisha Amr kwenda, wala hakumlazimisha kubaki. Aliuthibitisha udhuru wake, kisha akauacha mikononi mwa mwenyewe. Hii ndiyo kanuni ninayoitafuta. Rukhsa ni mlango anaofunguliwa mwenye dhiki ili apite akitaka. Mtu mwingine akiushika mlango huo na kumsukumia nje, hiyo si rukhsa tena.

"Mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu"

Mwajiri mmoja msomi wa dini aliwahi kunijibu kwa aya. Alisema Qur'an yenyewe, katika Suratul Qaswas, aya ya 26, inataja kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sasa vipi nimlaumu akichagua wenye nguvu?

Aya ni ya kweli, na ni msingi mkubwa katika mambo ya ajira. Lakini tujiulize, maneno yale yalisemwa kumhusu nani? Yalimhusu Nabii Musa (a.s.), baada ya kuwanyweshea wanyama mabinti wawili kule Madyan. Nguvu iliyosifiwa ni ile iliyohitajika kwa kazi ile ya kisimani na machungani. Kila kazi ina nguvu yake. Nguvu ya mpiga chapa si nguvu ya mchukuzi wa bandarini, na nguvu ya kadhi si nguvu ya mvuvi.

Na huyu Musa aliyesifiwa kuwa mwenye nguvu ndiye yule yule ambaye, alipopewa kazi ya kwenda kwa Firauni, aliomba afunguliwe fundo katika ulimi wake. Katika Surat Twaha na katika hiyo hiyo Suratul Qaswas tunasoma kuwa aliomba apewe ndugu yake Haruna awe msaidizi wake, kwa kuwa Haruna alikuwa fasaha zaidi wa kusema. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusema! Allah (s.w.) hakumwambia Musa: "Basi nitampa kazi hii mwenye ulimi mwepesi." Alimbakisha Musa katika ujumbe, akampa Haruna wa kumsaidia. Mwenye kuitumia aya ya 26 kumkatalia kazi mwenye ulemavu, aendelee kusoma kurasa zilizobaki za sura hiyo hiyo.

Madai ya waajiri

Sitaki nionekane kuwa sioni uzito wa upande wa pili. Mwajiri naye ana haki zake, na biashara ikifa wote wanakosa kazi. Kwa hiyo tuyapime madai yao kwa uadilifu.

La kwanza ni gharama. Mkataba wenyewe wa kimataifa umeweka mpaka kuwa mzigo usipite kiasi. Na Qur'an inatufundisha kuwa Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mwenye duka la nguo Kariakoo mwenye vijana wawili hatakiwi kujenga lifti. Lakini benki au kampuni yenye jengo la ghorofa kumi haiwezi kusema kuwa njia ya mteremko ya saruji itaifilisi. Kila mmoja kwa uwezo wake, na kila mmoja ataulizwa juu ya uwezo wake.

La pili ni ufanisi. Wanasema kazi italegea. Hapa pana haja ya kuwa wakweli: marekebisho hubadilisha njia ya kufanya kazi, hayashushi kiwango cha kazi. Hatuombi dereva asiyeona apewe basi. Ikiwa baada ya marekebisho yote yanayowezekana mtu hawezi kutekeleza kiini cha kazi, mwajiri ana haki ya kumtafutia kazi nyingine au kumkatalia. Amana ni ya pande zote mbili, na mfanyakazi mwenye ulemavu naye analipwa kwa kazi, halipwi kwa ulemavu wake. Tunachokataa ni uamuzi wa kabla ya kujaribu.

La tatu ni kwamba wapo watakaojifanya wagonjwa. Ni kweli, wadanganyifu wapo. Lakini wapo pia wanaofupisha swala kwa safari zisizo safari, na wanazuoni hawakuifuta rukhsa ya msafiri kwa ajili yao. Daktari yupo, vyeti vipo. Udanganyifu wa mmoja haufuti haki ya mia moja.

La nne, nalo ndilo ninaloliogopa zaidi, ni la mwajiri anayesema: "Mimi nawasaidia sana walemavu, kila Ijumaa natoa sadaka." Sadaka ni jambo tukufu. Lakini sadaka hailipi deni la haki. Ukimnyima mtu mshahara kwa kumfungia mlango wa kazi, kisha ukamrushia sarafu nje ya mlango wa msikiti, umemfanya ombaomba, halafu unataka thawabu kwa kumpa anachoombea. Katika hadithi ya Abu Dharri (r.a.), Mtume (s.a.w.) alipowazungumzia wanaotutumikia, aliagiza tusiwatwishe wasiyoyaweza, na tukiwatwisha, basi tuwasaidie. Hakuagiza tuwafukuze kisha tuwape sadaka. Aliagiza tuwasaidie wakiwa ndani ya kazi.

Kipimo tunachokidai sisi wenyewe

Ndugu zangu Waislamu, lipo jambo linalotuhusu sisi kuliko wengine. Kwa miaka mingi tumekuwa tukidai makazini mwetu muda wa kwenda kuswali Ijumaa. Tumedai dada zetu waruhusiwe kuvaa hijabu. Tumedai chumba kidogo cha kuswalia Adhuhuri. Tunapodai haya hatuombi upendeleo. Tunasema kwamba ratiba na sare vilipangwa na watu ambao hawakutufikiria, kwa hiyo virekebishwe kidogo nasi tupate nafasi, na kazi itafanyika kama kawaida.

Je, hayo siyo maneno yale yale ya mwenye kiti cha magurudumu? Na kwa hakika hata katika historia ya sheria mambo haya mawili ni ndugu. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliingiza katika sheria ya ajira wajibu wa mwajiri kumrekebishia mfanyakazi mazingira kwa ajili ya ibada zake. Mwaka 1990, ilipotungwa sheria ya watu wenye ulemavu nchini humo, neno lile lile la marekebisho yanayofaa likatumika kwa ajili yao. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliwapa ushindi waliomtetea binti wa Kiislamu aliyekataliwa kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch kwa sababu ya hijabu yake. Waislamu wengi duniani waliifurahia hukumu ile. Tuelewe basi tulichokifurahia. Kanuni iliyomlinda binti yule na kanuni inayomlinda mfanyakazi asiyeona ni za ukoo mmoja.

Suratul Mutwaffifiin inaanza kwa kuwaonya wapunjao: wanapojipimia kwa watu hutaka kipimo kijae, na wanapowapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuisoma sura hii tukiwafikiria wauza mchele na mafuta ya taa. Lakini mtu anayedai arekebishiwe ratiba kwa ajili ya Ijumaa, kisha yeye akiwa bosi anakataa kumshushia mwenzake darasa, naye ameshika mizani. Atazame upande gani imeelemea.

Tuanzie kwetu

Kabla hatujawanyooshea vidole wenye viwanda na mabenki, tuzitazame taasisi zetu. Shule zetu za Kiislamu, zahanati zetu, ofisi za jumuiya zetu na misikiti yetu ni waajiri pia. Zina walimu, makarani, maimamu, waadhini, walinzi na wapishi. Ni ngapi kati yake zina njia ya mteremko? Mara ngapi tunachangishana kujenga ghorofa ya msikiti na mnara mrefu, na mahali pa kutawadhia pakabaki na vidaraja vya utelezi ambavyo mzee mwenye mkongojo hathubutu kuvikanyaga? Imamu aliyekatwa mguu atafikaje kwenye mihrabu?

Tusiseme kuwa haiwezekani, kwani imeshawezekana. Atwaa bin Abi Rabaah, ambaye fatwa za Makka zilikuwa zikirejeshwa kwake katika zama za matabiina, alikuwa mtu mweusi, kiguru, mwenye jicho moja, na mwishoni mwa umri wake akapofuka. Wanahistoria wanamtaja Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik kuwa alimpangia kila kiguru mtumishi na kila asiyeona mtu wa kumwongoza. Na katika zama zetu, Sheikh Abdul-Aziz bin Baz alipoteza macho akiwa kijana wa takriban miaka 20. Akawa kadhi, akaongoza Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, na kuanzia mwaka 1993 hadi alipofariki mwaka 1999 akawa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia. Alikuwa na makarani wa kumsomea vitabu na barua na kuandika majibu yake. Hakuna aliyesema kuwa makarani wale ni hisani kwa kipofu. Walikuwa ni sehemu ya ofisi, kama meza na wino.

Hapa kwetu pia, mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Mwaka 2015 Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa naibu waziri. Hawa hawakukosa uwezo. Wangapi wenye uwezo kama wao wameishia nyumbani kwa sababu ya karatasi yenye maandishi madogo?

Nini kifanyike? Kwanza, tumuulize mwenyewe. Itbaan bin Maalik (r.a.), ambaye alikuwa imamu wa watu wake ilhali macho yake yamedhoofu, alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa mvua ikinyesha bonde hujaa maji akashindwa kufika msikitini. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza suluhisho, kwamba Mtume aje aswali nyumbani kwake ili pafanywe mahali pa kuswalia. Mtume (s.a.w.) akaenda, na alipofika akamuuliza ni mahali gani anapenda aswalie. Aliuliza yeye, kiongozi wa umma. Wewe meneja wa watu ishirini unashindwa nini kuuliza?

Pili, kila kamati inayojenga jengo jipya iweke njia ya mteremko na choo kipana ndani ya ramani tangu mwanzo, kwani ni rahisi zaidi kujenga mara moja kuliko kuja kubomoa. Tatu, matajiri wetu wanaoweka wakfu visima na misahafu wafikirie pia wakfu wa vifaa vya kazi: kiti cha magurudumu kwa fundi cherehani, kompyuta kwa mwalimu asiyeona, miwani na kofia kwa karani mwenye ualbino. Kifaa kinachomrudisha mtu kazini kinalisha familia nzima kwa miaka. Nne, wafanyakazi wenzake wasikae kimya. Mara nyingi si bosi anayemtoa mwenye ulemavu kazini. Ni minong'ono ya wenzake kuwa "huyu anapendelewa".

Nanyi mlio na ulemavu, msione haya kueleza mnachohitaji. Mtu hajidhalilishi kwa kudai njia ya kuifikia riziki ya halali. Ibn Ummu Maktuum alilalamika, Amr alishitaki, Itbaan alipendekeza, na hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa kuwa anasumbua.

Katika shule, ofisi na viwanda vyetu wapo watu ambao wiki hii wanaficha kuwa hawaoni vizuri, au hawasikii vizuri, au miguu inakufa ganzi. Wanaficha kwa sababu wanaijua huruma yetu na wanajua mwisho wake ni bahasha na dua. Siku watakapoweza kusema wazi na kujibiwa "tufanyeje ili uendelee", ndipo tutakapokuwa tumeifahamu rukhsa ya Mola wetu.

Wabillahi tawfiq.